Kisima kipya, ghala la nyasi au amri ya wazee? Jibu kwa katibu wa kamati ya wadi, Garba Tula

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya wadi inayopanga miradi ya mabadiliko ya tabianchi huku Garba Tula, Kaunti ya Isiolo. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulituachia mizoga. Sasa mvua zimerudi, nyasi zipo, na tumepata fedha za mradi mmoja mkubwa au miwili midogo. Vijana na mwakilishi wa wadi wanataka kisima cha mashine kule kwenye malisho ya mbali, kwenye nyasi nyingi lakini hakuna maji. Wazee wa dedha, baraza la Waborana linalosimamia malisho, wanakataa kabisa, ingawa hawatoi maelezo yanayotosheleza. Sisi akina mama tunataka ghala la nyasi. Kipi kitatusaidia ukame ukirudi?

Jibu: Dada Katibu, wazee wenu wana hoja nzito, na nitaanza na hoja yao kwa sababu ndiyo inayoamua mengine yote. Malisho yale ya mbali yana nyasi leo kwa sababu hayana maji. Kama yangekuwa na kisima miaka kumi iliyopita, ukame uliopita ungeyakuta yameshaliwa hadi mizizi, na hao ng'ombe wachache mliobaki nao wasingekuwa na pa kukimbilia.

Niwape hesabu, maana mbele ya kamati hesabu husikika kuliko hofu. Ng'ombe anayenyweshwa kila siku hawezi kwenda malishoni mbali sana na birika, kwa sababu nguvu aliyoipata kwenye nyasi huimaliza njiani. Chukulia anafika kilomita kumi. Kisima kipya basi kinafungua duara la kilomita kumi kila upande, yaani takriban kilomita za mraba 314 za nyasi. Maji yakiwepo mwaka mzima na hakuna mwenye uwezo wa kuyafunga, mifugo itakaa hapo mwaka mzima. Nyumba za kudumu zitafuata, kisha duka, kisha shule, na akiba ya ukame itageuka kijiji kinachosubiri lori la maharagwe na marobota ya nyasi. Kaskazini mwa Kenya tangu miaka ya 1960 imeona visima vingi vya namna hiyo, vimechimbwa na serikali na wafadhili waliokuwa na nia njema na wakaacha vumbi pande zote.

Wazee wa dedha wanalijua hili bila kuchora duara. Utaratibu wao wa Waso, yaani nchi ya mto Ewaso Ng'iro, unagawa nchi kwa majira: malisho ya mvua, malisho ya kiangazi, na yale ya mwisho ambayo hayaguswi mpaka hali iwe mbaya kweli. Kwenye kisima cha kale kuna aba herega, anayepanga zamu: nani anywe leo, nani kesho, mgeni aingie lini. Ng'ombe wa fora, wale wasiokamuliwa wanaopelekwa mbali na vijana, hunyweshwa kila siku ya tatu wakati wa kiangazi, si kila siku. Huo ni ujuzi mkubwa sana. Ng'ombe aliyezoea zamu ya siku tatu anafikia nyasi ambazo ng'ombe wa kila siku hawezi kuzifikia, na anakunywa na kula kidogo bila kufa. Ninapoona mradi umeandikwa kana kwamba wafugaji hawa wanahitaji kufundishwa kuishi na ukame, huwa nasikitika, kwa sababu mara nyingi mradi wenyewe ndio unaovunja kilichokuwa kinawalinda.

Kinavunjwaje? Angalia fedha zinakokwenda. Kisima cha mashine kina kamati yake, na kamati hiyo hulipwa kwa kila kichwa kinachokunywa. Inahitaji dizeli, inahitaji mshahara wa opereta, inahitaji vipuri. Mzee wa dedha akisema kisima kifungwe mpaka mwezi wa Januari, kamati ya kisima inapoteza mapato yake. Mchungaji wa mbali akija na ng'ombe mia nne na fedha mkononi, kamati itampokea hata kama dedha haijamruhusu. Hapo mamlaka ya nyasi na mamlaka ya maji yametengana, na nyasi ndizo hupoteza. Watu husema wazee wamedhoofika siku hizi. Mimi naona tumewanyang'anya ufunguo wa maji, na bila ufunguo huo neno lao juu ya malisho halina nguvu.

Kwa hiyo swali la kwanza mnalopaswa kumuuliza kila anayetaka kisima ni hili: nani atakifunga, lini, na akikataliwa atafanya nini? Kisima cha akiba kinaweza kuwa na faida kubwa ikiwa kinafunguliwa tu pale dedha inapoamua, na kinafungwa mvua ikinyesha. Jenereta huondolewa na kuwekwa kwenye ghala mjini, mdomo wa kisima hufungwa kwa kifuniko cha chuma, na makubaliano huandikwa na kusainiwa na wazee, chifu, kaunti na kamati ya kisima yenyewe. Hapo kuwe na fungu dogo la kuitunza mitambo katika miaka ambayo haifanyi kazi, ili kamati isilazimike kuuza maji kwa sababu ya njaa ya fedha. Jihadharini hasa na pampu za sola. Nazipenda sana kwa vijiji na shule, lakini kwenye malisho ya akiba zina hatari yake: hazina gharama ya mafuta, basi hazina kinachozizuia kupiga maji kila siku jua likiwaka. Dizeli ilikuwa ghali, na ughali huo peke yake ulikuwa unawafanya watu wafikiri mara mbili.

Kama hamwezi kupata makubaliano hayo mwaka huu, msichimbe. Fedha ziende kwenye mambo mawili yafuatayo.

La kwanza litawashangaza vijana: wekeni maji kwenye malisho ya mvua, yale ya karibu ambayo tayari yanatumika majira ya ganna (mvua ndefu za Machi hadi Mei) na hagaya (mvua fupi za Oktoba hadi Desemba). Mifugo huondoka huko mapema kwa sababu silanga, mabwawa ya kuchimbwa, zimekauka au zimejaa tope, huku nyasi zikiwa bado zipo. Kila wiki mnayoirefusha huko ni wiki ambayo malisho ya kiangazi yanapumzika. Tena silanga ina sifa moja ambayo kisima hakina: inajifunga yenyewe. Huko kwenu jua na upepo vinaweza kuvuta zaidi ya milimita 2,000 za maji kwa mwaka kutoka kwenye uso wa bwawa, kwa hiyo silanga ya kina cha mita mbili itakauka hata kama hakuna mbuzi hata mmoja aliyekunywa. Kwa malisho ya mvua hiyo ni sawa. Mnataka maji ya miezi miwili au mitatu zaidi, kisha watu wahame.

Lakini itengenezwe vizuri. Silanga nyingi nilizoziona zikifa zilikufa kwa namna ileile: maji ya mkondo huingia moja kwa moja na mchanga wake, ng'ombe huingia majini wenyewe, kingo humomonyoka, na ndani ya misimu michache shimo limejaa. Chimbeni shimo dogo la kutuamisha tope kabla ya mlango wa maji, na lisafishwe kila kiangazi na watu wenye majembe, maana halitahitaji tingatinga. Zungushieni ua wa miiba au waya bwawa lote. Pitisheni bomba chini ya ukuta hadi kwenye birika lililo nje, chini kidogo, ili ng'ombe wanywe wakiwa nje. Akina mama wawe na mahali pao pa kuchota, upande mwingine, juu ya mahali mifugo inaponywea. Udongo unaochimbuliwa usirundikwe ukingoni kwenye mkondo, maana mvua ya kwanza itaurudisha ndani. Pia chimbeni kwenda chini zaidi kuliko kupanua. Uso mdogo wa maji hupoteza kidogo.

La pili ni ghala lenu la nyasi, na hapa nawaunga mkono akina mama, mradi tu tukubaliane ghala hilo ni la nani. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji kama kilo sita za majani makavu kwa siku. Ng'ombe mia moja kwa miezi mitatu wanahitaji tani 54, na kwa marobota ya kilo 15 hayo ni marobota 3,600. Na hao ni mia moja tu, huku kundi la watu wote ni maelfu. Anayewaambia ghala litaokoa mifugo yote anawadanganya. Sasa hesabu nyingine: nyumba sitini, kila moja na ng'ombe mmoja wa maziwa anayeongezewa kilo nne kwa siku kwa siku sitini. Hiyo ni kilo 14,400, chini kidogo ya marobota elfu moja. Hilo linawezekana, na faida yake inaonekana kwenye mkono wa mtoto. Katika eneo la Wasomali la Ethiopia, watafiti na mashirika ya misaada walilisha ng'ombe na mbuzi wachache wa maziwa waliobaki karibu na nyumba wakati wa kiangazi, na watoto wadogo waliendelea kupata maziwa na hawakudhoofika kama wenzao. Mnajua wenyewe jinsi inavyokuwa: kundi linaondoka kwenda fora, maziwa yanaondoka nalo, na watoto wa chini ya miaka mitano ndio wanaobaki nyumbani na uji mtupu. Ghala la nyasi la warra, yaani wanyama wa maziwa wanaobaki nyumbani, ni ghala la maziwa ya watoto. Liandikeni hivyo kwenye ombi la mradi, na sheria ya ghala iseme wazi: mnyama anayekamuliwa, mwenye mimba na ndama, basi.

Nyasi zikatwe zikianza kuchanua, si baada ya kukauka na kuwa njano. Majani yaliyosimama mpaka Agosti yana ujazo tu, chakula kimeshaondoka. Marobota yakae juu ya magogo, mbali na ukuta, kwa sababu ya mchwa na unyevu. Palipo na ardhi tupu karibu na kijiji, chimbeni matuta ya nusu mwezi yenye mdomo ukitazama juu ya mteremko, mpande mbegu za nyasi za asili za ukanda huo, na mfunge eneo hilo msimu mzima wa kwanza. Msimu wa kwanza ndio mgumu, kwa sababu nyasi changa huwavutia mbuzi wa kila mtu, na kamati isiyoweza kumtoza faini jirani yake isianze kazi hii.

Sasa niseme jambo ambalo halikuwa kwenye swali lako, na ambalo naamini linaua mali nyingi kuliko ukosefu wa kisima. Ni kuchelewa kuuza.

Tazama mbuzi mmoja. Tuseme leo anauzwa shilingi 5,000 na kilo ya mahindi ni shilingi 60: mbuzi huyo ni kilo 83 za mahindi. Ukame ukikaza, mbuzi amekonda na soko limejaa, anauzwa 2,500, na mahindi yamepanda hadi 100. Sasa mbuzi yuleyule ni kilo 25. Mwezi mmoja baadaye hana mnunuzi, na mwingine baadaye ni ngozi. Mwaka 2006, upande wa Ethiopia karibu na Moyale, wafanyabiashara waliunganishwa na wafugaji wa Borana mapema, wakanunua takriban ng'ombe 20,000 wakiwa bado wanatembea. Familia zilitumia fedha hizo kununua chakula, dawa za mifugo na nyasi kwa wale waliobaki. Kati ya misaada yote ya ukame niliyoifuatilia, huo ni miongoni mwa iliyoleta faida kubwa zaidi kwa kila shilingi iliyotumika, na hapakuwa na mtu aliyegawiwa kitu bure.

Najua kwa nini watu hawauzi. Mwenye ng'ombe watano akiuza watatu hawezi kuanza tena. Kwake kushikilia ni busara. Mwenye arobaini ndiye wa kuzungumza naye. Auze maksai, fahali wa ziada na ng'ombe wazee waliokwisha kuzaa, abaki na mitamba na wale wa maziwa, ambao ndio watakaojaza zizi mvua ikirudi. Fedha ziwekwe M-Pesa, kwenye chama au sako, zisirudi kununua mbuzi wengine mwezi huohuo.

Ili watu wauze na kuhama kwa wakati, kamati iweke tarehe kabla ya msimu, kukiwa hakuna anayelia. Ninyi mna tarehe mbili. Ganna ikiwa haijanyesha vizuri kufikia katikati ya Mei, haitanyesha. Hagaya ikiwa haijafika kufikia katikati ya Desemba, msubiri hadi Machi. Siku hizo dedha ikutane na itoe amri: kundi gani linahama, kwenda wapi, nani anauza, ghala linafunguliwa lini. Hagaya ina faida nyingine, kwamba hutabirika vizuri zaidi kuliko ganna, kwa sababu hufuata joto la bahari ya Pasifiki na Bahari ya Hindi. La Niña, yaani kupoa kwa maji ya Pasifiki, ilikaa miaka mitatu mfululizo, 2020, 2021 na 2022, na misimu mitano ya mvua ikakatika mfululizo. Kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha IGAD (jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika), ICPAC, hutoa utabiri wa hagaya mwishoni mwa Agosti, na mwaka 2022 kilionya mapema kwamba msimu wa tano nao ungekosa. Onyo lilikuwepo. Kilichokosekana katika vijiji vingi ni mtu mwenye mamlaka ya kusema kesho tunauza.

NDMA, mamlaka ya kitaifa ya ukame, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti kame, Isiolo ikiwemo. Ndani yake kuna hatua: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, kisha kupona. Kuna kipimo cha ukijani wa mimea kinachopimwa na setilaiti. Kikishuka chini ya 35 ukame umeanza, chini ya 20 umekuwa mkali, chini ya 10 umepita kiasi. Kuna umbali wa kwenda majini, bei ya mbuzi dhidi ya mahindi, na vipimo vya mikono ya watoto vinavyoonyesha utapiamlo. Mtu mmoja kwenye kamati apewe kazi ya kuisoma taarifa hiyo na kuitangaza msikitini na barazani kwa Kiborana. Uamuzi wenu ufungwe kwenye hatua hizo: tahadhari ikitangazwa tunafanya hili, hatari ikitangazwa tunafanya lile. Msingoje dharura. Dharura ikitangazwa bauza za maji zitakuja na wanasiasa watakuja, lakini wakati wa kuokoa mnyama utakuwa umepita.

Bima ya mifugo inayolipa kwa kutazama ukijani wa malisho kwa setilaiti ilianza Marsabit mwaka 2010. Mwenye uwezo ainunue kabla ya msimu, akijua kwamba inalipa eneo zima na si mnyama wake mmoja, na kwamba fedha hizo ni za kununulia chakula cha mifugo ikiwa hai. Na chanjo zifanyike wakati wanyama bado wana nguvu. Mbuzi wengi hufa siku mvua inaporudi, kwa baridi na homa ya mapafu, na mvua kubwa baada ya ukame huleta homa ya Bonde la Ufa, kama ilivyotokea Garissa mwishoni mwa 2006.

Majirani. Ukame ukija, watakuja kutoka Wajir na Garissa, na ninyi nanyi mtahitaji kwenda kwa watu mwaka ambao kwao kumenyesha. Mapatano ya Modogashe ya 2001 yalisema anayehama aombe kwanza ruhusa ya wazee wa mahali anapokwenda. Ni jambo la haki na bado linaheshimika. Tumieni msimu huu mzuri kuwatembelea, mkae nao, mwambiane ni malisho gani yamefungwa na ni yapi mgeni anakaribishwa, na kwa masharti gani. Mkifungia malisho ya akiba bila kuzungumza nao, mtakuwa mmeyafungia kwa bunduki, na hayo si maandalizi ya ukame.

Kuhusu kisima kile, bado kuna jambo la kupima kabla ya mtu yeyote kusaini mkataba. Hifadhi kubwa ya maji ya chini ya ardhi ya Merti ina maji matamu katikati na ya chumvi pembeni, na sehemu kadhaa za upande wenu visima vilichimbwa vikatoa maji ambayo hata ngamia anayanusa na kuondoka. Dai ripoti ya mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi, ikiwa na makadirio ya chumvi, kabla ya malipo ya kwanza. Nitumie nakala ukiipata, pamoja na ramani ya malisho kama wazee watakavyoichora wenyewe chini kwa fimbo, ipigwe picha. Nitaisoma na kukujibu kabla ya kikao chenu.